Kabla ya mshahara, tuulize kibali kimefungwa kwa nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa maoni nichangie mjadala ambao hurudi mara kwa mara, wa kulinganisha nchi mbalimbali kwa upande wa uhamiaji na utamaduni wa kazi. Katika mijadala hiyo nimezoea kusoma kwamba Wajerumani wanaheshimu saa, Wajapani wanafanya kazi mpaka wanaanguka, Wamarekani wanalipa vizuri lakini hawana subira na mtu, Waswidi wanamwita mkuu wao kwa jina lake la kwanza, na nchi za Ghuba hazikati kodi ya mshahara. Kila kauli kati ya hizo ina chembe ya ukweli. Hata hivyo, kwa maoni yangu, zote zinapita kando ya jambo ambalo ndilo huamua maisha ya mgeni kazini: je, ruhusa yake ya kuishi katika nchi ile imefungwa kwa mwajiri mmoja, na kama imefungwa, anapewa muda gani wa kutafuta mwajiri mwingine siku anapoiacha kazi au kuachishwa?

Mimi ni mmoja wa wale ambao ndugu na jamaa huwaletea mikataba waisome kabla haijatiwa saini. Nimeona kwamba macho ya wengi hukimbilia tarakimu ya mshahara, yakatoka hapo yakaenda kwenye saa za kazi, kisha kwenye siku za likizo, na ni nadra sana yakafika kwenye masharti ya kibali, ambayo aghalabu hayamo ndani ya mkataba wenyewe bali yamo katika sheria za uhamiaji za nchi inayohusika. Mtu husaini akiamini kwamba haki zilizoandikwa ni zake, kumbe ni zake kwa kadiri tu anavyoweza kuzidai bila kuhatarisha haki ya kubaki nchini.

Nianze na likizo, kwa kuwa ndicho kipimo kinachopendwa katika ulinganisho wa namna hii. Sheria ya Umoja wa Ulaya inamhakikishia kila mfanyakazi angalau wiki nne za likizo yenye malipo kwa mwaka, na Ufaransa imekwenda mbali zaidi kwa kutoa wiki tano tangu mwaka 1982. Marekani, kinyume chake, haina sheria yoyote ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri wa sekta binafsi kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo. Sheria yake ya mwaka 1993 kuhusu uzazi na ugonjwa inatoa wiki 12, tena bila malipo, na kwa wafanyakazi wa kampuni zenye ukubwa fulani tu. Japani inatoa siku 10 baada ya miezi sita ya kwanza kazini, nazo huongezeka hadi 20 kadiri miaka inavyokwenda. Msomaji akiishia hapo ataiweka Japani jirani na Ulaya.

Lakini wafanyakazi wa Japani wamekuwa wakiziacha siku hizo zipite bila kuzitumia, kwa kuona haya mbele ya wenzao wanaobaki na kazi au kwa kuogopa kuonekana hawajitoi, hata ikabidi sheria iliyoanza kutumika Aprili 2019 imwamuru mwajiri ahakikishe kwamba kila mwenye haki ya siku 10 au zaidi anazitumia angalau tano. Serikali inapolazimika kumwamuru mwajiri awapumzishe watu ambao tayari wana haki ya kupumzika, inakiri kwamba haki iliyoandikwa na haki inayotumika ni vitu viwili. Tena hapo tunazungumzia raia, ambaye akigombana na msimamizi wake atapoteza kazi na kurudi nyumbani kwake kwa treni.

Sasa mfikirie kijana wa Vietnam aliyekwenda nchi hiyohiyo chini ya mpango wa mafunzo ya ufundi ulioanzishwa mwaka 1993. Kwa jina alikuwa mwanafunzi wa kazi. Kwa vitendo alikuwa mfanyakazi wa shambani, wa kiwanda cha kusindika samaki au wa ujenzi, na kanuni haikumruhusu kuhamia kwa mwajiri mwingine kwa hiari yake. Wengi walikuwa wamekopa fedha nyingi kwao ili kuwalipa mawakala, kwa hiyo kurudi kabla ya muda kulikuwa na maana ya kurudi na deni. Wapo waliochagua njia ya tatu, yaani kutoroka: mwaka 2023 pekee zaidi ya wafunzwa 9,000 walitoweka kwenye vituo vyao vya kazi na kuingia katika kazi za kificho zisizo na ulinzi wowote. Bunge la Japani lilipitisha sheria mwezi Juni 2024 ya kuufuta mpango huo na kuweka mwingine ifikapo 2027, ambao utamruhusu mfanyakazi kuhamia kwa mwajiri mwingine katika sekta ileile baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa kutegemea ujuzi wake na kiwango chake cha lugha. Ilichukua miaka 30 kufika hapo, na katika miaka hiyo yote waandishi waliendelea kueleza mateso ya wafunzwa hao kwa kutaja bidii ya asili ya Wajapani.

Atakayesema kwamba hayo ni ya Japani na tabia zake, namwomba aitazame Uingereza, ambako sheria imebadilishwa huku na huku ilhali nyumba, waajiri na desturi zimebaki zilezile. Kuanzia mwaka 1998 mfanyakazi wa ndani aliyeingia nchini humo pamoja na mwajiri wake aliruhusiwa kumwacha na kuajiriwa kwingine, na kuongeza muda wa viza yake. Aprili 2012 ruhusa hiyo ikaondolewa: viza ikawa ya miezi sita isiyoongezwa, na imefungwa kwa mwajiri aliyekuja naye. Kumbukumbu za Kalayaan, shirika la London linalowasaidia wafanyakazi hao, zilionyesha kwamba waliokuja chini ya masharti mapya waliripoti kunyang'anywa pasipoti, kunyimwa siku ya mapumziko na kutolipwa mishahara kwa wingi kuliko wale wa masharti ya zamani. Wakili James Ewins, aliyepewa na serikali kazi ya kulichunguza suala hilo, alipendekeza mwishoni mwa mwaka 2015 kwamba haki ya kubadili mwajiri irudishwe na muda uongezwe hadi miaka miwili na nusu. Serikali ikachukua nusu ya kwanza ya pendekezo na kuiacha ya pili, kwa hiyo tangu 2016 mfanyakazi anaruhusiwa kuhama, ila ndani ya miezi sita ileile. Ni mwajiri gani atakayemkabidhi mtoto wake mlezi ambaye viza yake imebakiza wiki saba? Haki imerudishwa kwenye karatasi, na mlango wa kuitumia umeachwa nusu wazi.

Mkasa mkubwa zaidi wa Uingereza ni wa walezi wa wazee na wagonjwa. Februari 2022, baada ya nchi hiyo kujitoa katika Umoja wa Ulaya na nyumba za wazee kukosa watu, kazi ya ulezi iliingizwa kwenye viza ya afya, na maelfu ya watu kutoka Afrika na Asia wakaitikia. Viza ilimhitaji mdhamini, yaani mwajiri, mwenye leseni. Baadhi ya wadhamini walikuwa kampuni zisizo na wateja wa kutosha, ambazo ziliuza vyeti vya udhamini na kisha kuwaacha watu bila saa za kazi. Serikali ilipozifuatilia, ilifuta leseni zaidi ya 470 za wadhamini wa sekta hiyo kati ya Julai 2022 na Desemba 2024, na kwa hesabu zake wafanyakazi zaidi ya 39,000 walihusishwa na wadhamini hao. Adhabu ya mwajiri ilikuwa kupoteza leseni. Mfanyakazi ambaye hakukosa lolote hupewa, kwa kawaida, siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Ni wazi kwa nini mlezi anayepangiwa zamu za usiku mfululizo bila malipo ya ziada hafungui kinywa: akimshitaki mwajiri wake na kushinda, ushindi huo unaweza kumtoa nchini. Julai 2025 serikali ikalifunga kabisa dirisha la kuajiri walezi wapya kutoka nje, nao waliomo wakabaki kushindania wadhamini wachache waliosalia.

Natumia maneno mengi kuhusu kufungwa kwa mwajiri kwa sababu historia ya Ujerumani inaonyesha kwamba hata waajiri wenyewe hawafaidiki siku zote na wageni wasio na mizizi. Ujerumani Magharibi ilitia saini mkataba wa kuleta vibarua na Italia mwaka 1955, na Hispania na Ugiriki mwaka 1960, na Uturuki mwaka 1961, kisha na nchi nyingine kadhaa. Waturuki walikubaliwa kwa sharti la kukaa miaka miwili tu na kupisha wengine. Walioipinga kanuni hiyo kwa sauti kubwa walikuwa wenye viwanda, ambao walichoka kumfundisha mtu kazi kisha kumpandisha treni ya kumrudisha kwao pale tu alipoanza kuimudu, na mwaka 1964 sharti la miaka miwili likaondolewa. Mwaka 1972 sheria ya mabaraza ya wafanyakazi ilirekebishwa ili wageni wote, wakiwemo wasiotoka Jumuiya ya Ulaya, waweze kugombea viti katika baraza la kiwanda. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyosikika, kwa maana kwa sheria za Ujerumani baraza hilo lina kauli katika upangaji wa zamu, saa za ziada na hata uachishaji kazi, na linaweza kuundwa popote penye wafanyakazi watano. Mtu asiyekuwa na kura katika uchaguzi wa wabunge alikuwa na kura mahali anaposhinda mchana kutwa.

Hata hivyo nisiipambe Ujerumani kupita kiasi. Agosti 1973 kiwanda cha Ford mjini Cologne kiliwafukuza Waturuki wapatao 300 waliochelewa kurudi kutoka likizo, likizo ambayo kwa mtu anayesafiri kwa gari hadi Anatolia na kurudi ilikuwa inaishia njiani. Maelfu ya wenzao waligoma kwa siku kadhaa wakidai waliofukuzwa warudishwe, mikanda ya uzalishaji ipunguzwe kasi, na nyongeza ya mark moja kwa saa. Baraza la wafanyakazi halikusimama nao, wenzao wengi Wajerumani walijitenga, na polisi wakaumaliza mgomo. Mnamo Novemba mwaka uleule serikali ikasimamisha uajiri wa vibarua kutoka nje.

Hapo ndipo yalipotokea mambo ambayo wapangaji hawakuyatazamia. Mwitalia, ambaye tangu 1968 alikuwa na haki kamili ya kutembea na kufanya kazi popote katika Jumuiya ya Ulaya, aliweza kurudi kwao kazi zilipopungua akijua kwamba zikipatikana tena atarudi, na wengi walifanya hivyo. Mturuki alijua kwamba akitoka mlango umefungwa, kwa hiyo alibaki na akawaita mke na watoto. Wawili hao waliweza kuwa wamesimama bega kwa bega kwenye mashine moja, chini ya msimamizi mmoja na saa moja ya ukutani. Utamaduni wa kazi ulikuwa mmoja kwao. Kilichowatofautisha ni karatasi, nayo ndiyo iliyowapangia maisha yao yote yaliyofuata.

Marekani inastahili maelezo ya namna yake, kwa sababu huko hata msomi anakutana na tatizo lilelile la kibarua wa shambani. Viza ya H-1B, ya wataalamu wenye elimu ya juu, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1990, ina ukomo wa nafasi 65,000 kwa mwaka pamoja na 20,000 za nyongeza kwa wenye shahada za juu za vyuo vya Marekani, na waombaji huchaguliwa kwa kura ya bahati nasibu. Mwajiri ndiye anayeomba. Mwenye viza anaruhusiwa kuhama iwapo mwajiri mpya ataomba kwa niaba yake, na katika hilo mfumo huu ni afadhali kuliko mingi niliyoitaja. Lakini karibu majimbo yote yanamruhusu mwajiri kumwachisha mtu kazi wakati wowote bila kueleza sababu, na tangu kanuni ya mwaka 2017 mwenye viza aliyeachishwa ana siku zisizozidi 60 za kupata kazi nyingine, kubadili hadhi yake au kufungasha. Kampuni kubwa za teknolojia zilipopunguza watu kwa maelfu mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023, raia aliyepunguzwa alipokea kiinua mgongo na kuanza kutafuta kazi kwa mwendo wake, ilhali mwenzake wa meza ya pili alianza kuhesabu siku, huku akifikiria shule ya watoto na mkopo wa nyumba.

Zaidi ya hapo kuna foleni ya ukaazi wa kudumu. Sheria inaweka takriban nafasi 140,000 kwa mwaka kwa njia ya ajira, na hakuna nchi inayoruhusiwa kuchukua zaidi ya asilimia saba, kiasi kwamba Mhindi mwenye sifa sawa na Mnorwei anaweza kungoja zaidi ya miaka kumi kwa kitu ambacho mwenzake anakipata upesi. Katika miaka hiyo ya kungoja, kubadili mwajiri kunaweza kumlazimu kurudia sehemu kubwa ya makaratasi, na kwa hiyo watu hukaa kwenye vyeo vyao, hukubali kazi za wikendi, na hawaombi nyongeza. Mkuu wao anaona uaminifu. Mimi naona hesabu.

Waajiri wana hoja yao, nayo si ya kupuuzwa. Kumleta mtu kutoka nje kuna gharama za wanasheria, ada za serikali, tiketi na mafunzo, na mwajiri anauliza kwa nini azibebe zote ili jirani yake amnyakue mfanyakazi mwezi wa tatu. Hoja hiyo imepata nguvu mpya Marekani tangu tangazo la rais la Septemba 2025 lililoweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya walio nje ya nchi, kwa kuwa anayelipa kiasi hicho hatakuwa mwepesi wa kumwachia mtu aende. Jibu langu ni kwamba mwajiri ana njia za kawaida za kumbakiza mtu, yaani mshahara, heshima na mkataba wenye kipindi cha notisi, zilezile anazozitumia kwa raia. Na hoja ya gharama hupungua uzito pale ambapo aliyelipa ni mfanyakazi mwenyewe. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza mawakala kumtoza mfanyakazi ada za kumtafutia kazi, lakini kila anayesoma mikataba ya watu anajua jinsi ada hiyo inavyobadilishwa jina ikawa ya mafunzo, ya vipimo au ya utaratibu.

Kuhusu Ghuba nitasema kwa ufupi, si kwa sababu hakuna la kusema bali kwa sababu wasomaji wengi wanaujua mfumo wa kafala, yaani wa udhamini unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, kuliko wanavyoijua sheria yoyote nyingine ya kazi duniani. Ninachotaka kukumbusha ni kwamba nchi hizo hazifanani. Qatar iliondoa ruhusa ya kutoka nchini kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018 na kwa wa majumbani mwaka 2020, na Septemba 2020 ikafuta sharti la kupata kibali cha mwajiri wa zamani kabla ya kuhamia kwa mpya. Machi 2021 ikaanza kutumia kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wote, wa majumbani wakiwamo. Saudi Arabia nayo ilifanya mageuzi ya kuhama kazi Machi 2021, lakini ikawaacha nje wafanyakazi wa ndani, ambao ndio walioyahitaji zaidi. Na hata pale sheria ilipobadilika, mwajiri amebaki na silaha ya kumshitaki mfanyakazi kwa kosa la kutoroka, silaha inayotosha kumtisha mtu aliye peke yake ndani ya nyumba asiyojua hata jina la mtaa wake. Singapore, ambayo kila mtu huisifu kwa utaratibu, imempa mfanyakazi wa ndani haki ya siku ya mapumziko kila wiki tangu 2013, lakini iliruhusu siku hizo zinunuliwe kwa fedha, na ni tangu 2023 tu ambapo angalau siku moja kwa mwezi haiwezi kuuzwa. Nchi hiyohiyo humpima mimba kila miezi sita na kumtaka mwajiri aweke dhamana ya dola 5,000 za Singapore kwa ajili yake. Mwajiri mwenye dhamana mfukoni mwa serikali huanza kumchunga mtu kama mali aliyoiweka rehani.

Sisemi kwamba tabia za watu hazina nafasi. Mtu aliyelelewa kazini Uholanzi husema mbele ya mkutano kwamba mpango wa mkuu wake una kasoro na hakuna anayeshtuka. Afanye hivyo Japani na ataonekana amemvunjia mtu heshima, kwa kuwa huko pingamizi hupelekwa pembeni kabla ya mkutano kuanza. Mgeni lazima ajifunze hayo, na anayejifunza mapema huokoa muda. Lakini nimechoka kusoma kwamba wageni fulani ni wakimya mikutanoni, hawajiamini, hawatoi mawazo, na dawa yake ni semina ya mawasiliano. Mpeni mtu huyo ukaazi wa kudumu kisha mrudi kumsikiliza baada ya mwaka. Huenda mkakuta kwamba alikuwa na maoni tangu siku ya kwanza, ila alikuwa amepima bei ya kuyatoa.

Zipo nchi ambazo zimeanza kuelewa. Kanada, ambayo tangu 1966 imekuwa ikiwaleta vibarua wa mashambani kwa muda usiozidi miezi minane kwa mwaka, wengine wakirudi miaka nenda miaka rudi bila njia ya wazi ya kubaki, ilianzisha mwaka 2019 kibali cha wazi kwa mfanyakazi mgeni anayenyanyaswa, kinachomwezesha kumwacha mwajiri wake bila kuvunja sheria. Nyuzilandi ilifuata mwaka 2021 kwa viza ya hadi miezi sita kwa anayeripoti unyonyaji. Australia, ambayo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na sera ya kuwabagua wasio Wazungu, iliongeza Julai 2024 muda wa kutafuta mdhamini mpya kutoka siku 60 hadi 180 kwa kila mara, na mwezi uliofuata ikaanza kuwalinda wafanyakazi, wazawa na wageni, wasilazimike kujibu simu na ujumbe wa kazi baada ya saa za kazi. Sheria hizo mbili hutajwa katika kurasa tofauti za magazeti, moja kwenye habari za uhamiaji na nyingine kwenye habari za ajira. Kwa mtu anayefikiria kwenda huko ni habari moja, kwa sababu bila zile siku 180 asingethubutu kuzima simu. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2024 maelekezo ya kibali kimoja cha kazi na makazi, yanayozitaka nchi zinazofungwa nayo zimruhusu mwenye kibali kubadili mwajiri na kumpa angalau miezi mitatu akipoteza kazi, au sita kama amekuwa na kibali kwa zaidi ya miaka miwili.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni la vitendo. Gazeti lako linapopokea tangazo la kazi za nje, limtake wakala aeleze pamoja na mshahara aina ya kibali kitakachotolewa, kama kinaruhusu kuhama kwa mwajiri mwingine na kwa masharti gani, nani amelipa gharama za kuajiri, na pasipoti itakaa mikononi mwa nani. Wakala anayekataa kujibu maswali hayo manne atakuwa ameshajibu.

Na mwandishi wako atakapochora tena jedwali la kulinganisha nchi, naomba aongeze safu moja kando ya mshahara na likizo, ya siku ambazo mgeni anaruhusiwa kubaki baada ya kupoteza kazi. Kwa Marekani na Uingereza ataandika 60, kwa Australia 180, na kwa sehemu kubwa ya Ulaya miezi mitatu au zaidi. Kwa nchi kadhaa hatakuwa na tarakimu ya kuandika, na hapo itambidi aeleze kwa maneno.

Wasalaam,
Msomaji wako